AR-15, AR-10 au M1A: ipi ya kulengea shabaha za mbali?

Mdogo wangu yuko Ohio, Marekani, mwaka wa saba huu. Siku moja alinipigia saa tatu usiku, kwao ikiwa saa nane mchana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusikiliza watu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimejiunga na klabu ya shabaha huku. Nataka nusu otomatiki ya kulengea mbali, yadi mia sita na kuendelea. Nimezunguka maduka matatu, kila duka linanipa bunduki yake. Nichukue ipi?"

Alijua anamuuliza nani. Shabaha nilifundishwa JKT Makutupora, hapa Dodoma, kwa SAR, ile SKS ya Mrusi yenye risasi kumi. Baadaye nikawa askari wa wanyamapori upande wa Kizigo na Rungwa kwa miaka kumi na minne, nikibeba bunduki ya bolti, ile unayoikoka kwa mkono kila risasi, tofauti na nusu otomatiki inayojikoka yenyewe. Na mwaka juzi nilikaa kwa huyo mdogo wangu miezi miwili, tukawa tunakwenda uwanjani kila Jumamosi. Hizo tatu nilizozitaja kwenye kichwa cha habari nimezilalia kifudifudi, nimezipiga na nimezisafisha.

Nawaandikia Watanzania wenzangu walio katika nchi ambazo sheria inamruhusu raia kuwa na bunduki hizi kwa mchezo: Marekani, na Afrika Kusini kwa mchezaji aliyesajiliwa rasmi. Aliyeko nyumbani ajue mapema kwamba kwetu mambo ni mengine kabisa. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hakuna kumiliki bila leseni, na kwa uwindaji nusu otomatiki hairuhusiwi. Ukiwa Dodoma na unaupenda mchezo huu, bunduki yako ni ya bolti. Nitaigusa nayo, maana ndiyo kipimo cha nyingine zote.

Jibu nililompa usiku ule lilikuwa hili: kama safari yako inaishia yadi 600, chukua AR-15 yenye mtutu mzito. Kama unataka kufika 1,000, chukua AR-10 inayotumia risasi ya 6.5 Creedmoor. M1A ichukue kama moyo wako uko kwa M1A, na uwe tayari kuilea. Sababu zake ndizo zilizotuweka kwenye simu mpaka saa sita.

Kwanza tukubaliane kipimo. Walenga shabaha hupima mtawanyiko wa risasi kwa dakika, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwa mita 100, dakika moja ni kama sentimita 2.9. Kwa mita 600 ni sentimita 17 na nusu, kwa mita 1,000 ni sentimita 29. Sasa chukua shabaha inayotumika Marekani kwa yadi 600, ambazo ni kama mita 549. Duara la kumi lina upana wa inchi 12, sentimita 30 na nusu, nalo kwa umbali ule ni karibu dakika mbili. Kwa hiyo bunduki ya dakika moja inatosha kabisa kupata kumi zote. Muuzaji akikuambia lipa mara mbili ili upate nusu dakika, mkumbushe hesabu hiyo. Alama unazopoteza pale unazipoteza kwa upepo, kwa triga uliyoivuta vibaya na kwa pumzi.

Ukitaka kujua ukweli wa bunduki, usitazame karatasi yenye matundu matatu. Risasi tatu zikikaa pamoja zinaweza kuwa bahati tu. Omba kuona risasi kumi, au ishirini, zilizopigwa mfululizo bila kuchagua. Bunduki nyingi zinazosifiwa kwa nusu dakika, zikipigwa kumi, zinarudi kwenye dakika moja na robo. Hiyo bado ni bunduki nzuri. Ni afadhali uijue hivyo kabla hujailipia.

Bolti na nusu otomatiki

Bunduki ya bolti haina kinachotembea wakati risasi inasafiri ndani ya mtutu, isipokuwa pini ya kupigia. Nusu otomatiki imetobolewa tundu la gesi kwenye mtutu. Gesi inatoka pale, inasukuma pistoni au inapita kwenye kibomba kurudi nyuma, inafungua bolti, inatupa ganda, inaingiza risasi nyingine. Chemba yake, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, huachiwa nafasi kidogo zaidi ili risasi iingie bila kukwama hata kukiwa na vumbi. Risasi yenyewe lazima iwe fupi kiasi cha kuingia kwenye magazini. Na kwa kuwa unaweza kupiga haraka, mtutu unapata joto, na mtutu wenye joto unaanza kutawanya.

Basi kwa bei ileile, bolti itakushinda kwa usahihi. Ukitaka tu mtawanyiko mdogo kuliko wote, acha kusoma hapa na ununue bolti. Nusu otomatiki ina faida nyingine: hukoki tena, hivyo shavu halitoki kwenye kitako, bega halihami, jicho linabaki kwenye darubini na unaona risasi yako imeangukia wapi. Kwenye hatua ya kasi ya mashindano ya bunduki za kijeshi kule Marekani unapewa sekunde 70 kupiga risasi kumi kwa yadi 300, na kubadilisha magazini ndani yake. Hapo ndipo utaona kwa nini watu wanaipenda.

AR-15

Hii ilitoka mikononi mwa Eugene Stoner akiwa na kampuni ya ArmaLite, mwishoni mwa miaka ya 1950. Siri ya usahihi wake ni namna bolti inavyojifunga: meno yake yanakamata kwenye kipande kilichofungwa nyuma ya mtutu wenyewe, si kwenye mwili wa bunduki. Mwili haubebi mzigo mkubwa, hivyo haupindi. Ukifunga mtutu mzuri, ukaweka kishikio cha mbele kisichougusa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi, na hakuna mbao ya kuvimba kwa unyevu.

Miaka mingi wazee wa mashindano waliidharau. Waliiona ndogo, ya vijana. Mashindano ya taifa ya Camp Perry, Ohio, ambayo yamekuwa yakifanyika pale tangu 1907, yalitawaliwa na M14 na ndugu yake M1A. Kilichogeuza mambo katika miaka ya 1990 ni vichwa vya risasi virefu na vizito pamoja na mitutu yenye mifereji inayosokota kwa haraka. M16 za mwanzo zilikuwa na mfereji unaozunguka mara moja kila inchi 12. Kichwa kirefu hakitulii humo, kinapepesuka kama pia inayochoka. Mtutu wa leo wa shabaha unazunguka mara moja kila inchi 7 au 8, nao unakishika vizuri kichwa cha greni 77, gramu tano hivi. Ukiniruhusu kitu kimoja tu cha kuuliza dukani, uliza hicho: mfereji unazunguka kila inchi ngapi? Wakisema 12 au hata 9, kwa shabaha za mbali ondoka.

Kuna jambo la yadi 600 ambalo mdogo wangu hakuambiwa na duka lolote. Risasi yenye kichwa cha greni 80, iliyoundwa vizuri, ni ndefu kuliko magazini ya AR-15. Haiingii. Kwa hiyo wapigaji huiweka moja moja kwa mkono. Nilimwona mama mmoja wa makamo pale uwanjani akifanya hivyo: kiwiko cha kushoto kimekaa mkekani, mkanda umekaza mkono mpaka mshipa umetuna, mkono wa kulia unachukua risasi kwenye kisanduku cha plastiki, unailaza chembani, kidole gumba kinabonyeza kitufe, bolti inajifunga. Anatazama bendera. Anavuta pumzi, anatoa nusu. Risasi ishirini, dakika ishirini, na hakupapatika hata mara moja. Niliondoka pale nikiwa nimejifunza kuliko nilivyojifunza wiki nzima.

AR-15 haikupigi bega. Mtu mpya anaweza kupiga risasi themanini asubuhi moja na bado akawa hajaanza kukwepa. Kwa macho yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana anayekwepa mshindo hafundishiki mpaka apone ule woga. Vipuri vyake vinaingiliana karibu vyote, hata vya viwanda tofauti. Magazini, triga, kibomba cha gesi, unanunua popote. Chemba chagua ile inayoitwa .223 Wylde, iliyokusudiwa ipokee aina zote mbili za risasi za AR-15, .223 na 5.56, bila kupoteza usahihi.

Ubaya wake unaanza pale upepo unapozidi. Kwa yadi 600, upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni unaisukuma risasi ya greni 77 karibu mita nzima. Ukikosea upepo kwa theluthi tu, umeshatoka kwenye duara la kumi. Yadi 1,000 inafika, lakini kwa taabu. Siku hizi kuna risasi ya 6mm ARC, iliyoletwa na kampuni ya Hornady mwaka 2020, inayotumia mwili uleule mdogo na kukata upepo vizuri zaidi. Itakubidi ubadili mtutu, bolti na magazini.

AR-10 na jamaa zake

Watu hudhani AR-10 ni AR-15 iliyokuzwa. Ni kinyume: kubwa ndiyo ilitangulia, katikati ya miaka ya 1950, na ndogo ikachongwa kutokana nayo. Katika miaka ya 1990 Stoner, safari hii akiwa na kampuni ya Knight's Armament, alitoa SR-25, na jina lake ni 10 kujumlisha 15. Kutokana na hiyo jeshi la Marekani lilipata bunduki ya wadunguzi iitwayo M110. Kwa hiyo usahihi wa ukoo huu umeshathibitishwa na watu ambao maisha yao yaliutegemea.

Hapa unachagua kati ya risasi mbili. .308 Winchester ni ya 1952, imezoeleka, inapatikana, na mtutu wake unadumu, kwa kawaida risasi 5,000 hivi kabla haujaanza kuchoka. Ukiichukua, tumia kichwa cha greni 175. Kile cha 168 ni kitamu mpaka yadi 600, lakini kikikaribia 1,000 kasi yake inashuka kuelekea ile ya sauti na kinaanza kuyumba. 6.5 Creedmoor ililetwa na Hornady mwaka 2007, ikapewa jina la uwanja wa shabaha wa zamani kule New York ambako Wamarekani na Waayalandi walishindana mwaka 1874. Kichwa chake ni chembamba na kirefu. Katika upepo uleule wa kilomita 16, kwa yadi 600, .308 ya greni 175 inasukumwa kama sentimita 75, na 6.5 ya greni 140 kama sentimita 53. Tofauti hiyo ndiyo inayokuweka ndani ya kumi au kukutupa nje yake. Gharama yake ni mtutu: wengi hubadilisha kati ya risasi 2,000 na 3,000.

Kwa shabaha tupu, mimi ni 6.5 bila kusita. Kama tayari una .308 na maganda ya kujazia, usihame.

Tahadhari moja kubwa: AR-10 hazina kipimo kimoja. Kuna zinazofuata mtindo wa ArmaLite na zinazofuata ule wa kiwanda kingine, DPMS, na vipuri haviingiliani. Mwenzake mdogo wangu pale klabuni, mwenye AR-10, alinunua kishikio cha mbele mtandaoni kwa bei nzuri, kikafika, hakikukaa. Muuzaji alikataa kukirudisha. Kiko uvunguni mwa kitanda chake hadi leo. Kabla hujalipa, uliza ni mtindo gani na inakula magazini ya aina gani. Na jiandae kwa uzito: na darubini na miguu miwili ya mbele, kilo tano na nusu mpaka sita na nusu si ajabu. Ukilala chini uzito ni rafiki. Ukisimama wima kwa yadi 200, mikono itakuambia.

Mshindo wake si mkali, ila ni mrefu. Chuma kingi kinarudi nyuma kisha kinasonga mbele, na ukiishika kilegevu risasi zinatawanyika ingawa bunduki haina kosa lolote. Mtu aliyezoea bolti anashangaa sana hapo. Mimi nilishangaa. Risasi zangu kumi za kwanza zilikaa kama nyuki waliofukuzwa mzingani, mpaka mzee mmoja aliponiambia niivute begani kwa nguvu ileile kila mara, na niendelee kuishika hivyohivyo hata baada ya mlio.

M1A

Hii ni M14 ya raia, inayotengenezwa na Springfield Armory tangu miaka ya 1970. M14 yenyewe ilipokelewa jeshini 1957. Nilipoishika nilirudi Makutupora mara moja: mbao ya kweli shavuni, chuma kinachonukia mafuta, bolti inayorudi kwa mlio mzito. Triga yake ya hatua mbili ni safi kuliko za kawaida za AR. Na alama zake za kulengea za chuma, lile tundu la nyuma linalopandishwa kwa vijino vinavyosikika, bado ni miongoni mwa bora nilizowahi kutazamia.

Kwa usahihi wa mbali, tatizo lake ni ile mbao. Chuma cha bunduki hukaa ndani yake, na kikicheza hata unywele, risasi zinahama. Mafundi humwaga utomvu mgumu ndani ya mbao ili chuma kikae kama jino kwenye fizi. Inapiga vizuri sana hapo. Lakini kila ukiichomoa kusafisha unaulegeza ule ukao, na baada ya muda inabidi fundi arudie. Mafundi wanaojua kazi hiyo wanapungua kila mwaka. Kufunga darubini pia ni shida, inakaa juu sana na kidevu kinaelea. AR-15 unaifungua kwa pini mbili, unaisafisha, unaifunga, na inapiga palepale.

Nimemwambia mdogo wangu kwamba siku akipata uwezo wa kuwa na bunduki ya pili, hii ndiyo nitakayomshauri. Ya kwanza, hapana.

Watu huuliza pia kuhusu Dragunov, SVD ya Mrusi ya 1963. Ilitengenezwa kumfikisha askari wa kawaida mbali kuliko wenzake wa kikosini, na kazi hiyo inaifanya. Haikukusudiwa kugombea duara la kumi. PSG1 ya Heckler & Koch, iliyozaliwa kutokana na msiba wa Olimpiki ya Munich ya 1972, ni sahihi kwelikweli, ila ina zaidi ya kilo saba, bei ya kutisha, na maganda inayatupa mbali yakiwa yamechubuka. Kwa mtu anayejaza risasi zake mwenyewe hiyo ni hasara kila anapovuta triga.

Upepo wa Dodoma na upepo wa ziwani

Mdogo wangu alikulia hapa, kwenye upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba Dodoma inavuma, vumbi jekundu linapita barabarani, mifuko imenasa kwenye miiba yote ya michongoma. Nilimwambia asijione mshamba kule, maana ameshasoma shule ambayo wenzake hawakuisoma. Alivyokuwa akitazama vumbi likiinuka nyuma ya ng'ombe na kujua upepo unatoka wapi, ndivyo atakavyotazama bendera za Camp Perry pale ukingoni mwa Ziwa Erie.

Jua likipanda, tazama mazigazi kwenye darubini. Yakilala upande mmoja, upepo unakwenda upande huo. Yakichemka moja kwa moja juu kama maji ya ugali, usipige: ama upepo unakuja usoni au nyuma yako, ama uko karibu kugeuka. Subiri yalale tena.

Kumbuka pia mwinuko. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Camp Perry hawafiki 200. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, risasi inashuka kidogo na kusukumwa kidogo kuliko kule. Namba za darubini ulizozipata sehemu ya juu usizipeleke ziwani bila kupima upya.

Dukani, kabla ya kutoa hela

Hakikisha bunduki haina kitu, wewe mwenyewe, kwa jicho na kwa kidole. Kisha chukua noti, hata ya shilingi elfu moja kama bado unayo mfukoni, ipitishe kati ya mtutu na kishikio cha mbele, ukianzia mdomoni kurudi nyuma. Isikwame popote mpaka ifike mahali gesi inapotoka. Ikikwama, mtutu unaguswa, na siku utakapokaza mkanda mkononi risasi zitahama. Vuta triga mara kumi ukifumba macho. Ikwaruze au isikwaruze, kidole kitakuambia. Kwa mashindano ya bunduki za kijeshi uzito wa triga usipungue ratili nne na nusu, kilo mbili na kidogo, na darubini isizidi ukuzaji wa mara nne na nusu. Darubini zenyewe ziliruhusiwa huko mwaka 2016 tu. Mwenye darubini ya mara ishirini na tano ajue anakwenda mashindano ya aina nyingine.

Gawa fedha yako hivi: usimalizie yote kwenye bunduki. Risasi nzuri za shabaha ndizo zitakazokufundisha, na mtu mwenye AR-15 ya kawaida na risasi elfu mbili atampita mwenye AR-10 ya kifahari na risasi mia mbili kabla mwaka haujaisha.

Mdogo wangu alichukua AR-15, mtutu wa inchi 20, mfereji wa inchi 7, chemba ya Wylde, triga ya hatua mbili. Wiki iliyopita alinitumia picha ya karatasi ya yadi 600: kumi na nne ndani ya kumi, nne kwenye tisa, mbili zimekwenda kulia kwenye nane. Nilimuuliza zile mbili zilikuwaje. Akasema bendera ililala ghafla, naye alikuwa ameshaanza kuvuta.